Bushi ya Pembe ya Ng'ombe

Dereva mmoja alilitupa gunia la dagaa la mama yangu kwenye tope la Buswelu, nami tangu siku hiyo nikawa namtafutia siku yake.

Dereva huyo aliendesha pikapu ya mzee muuza vitambaa wa mjini. Mzee mwenyewe alikuwa amemruhusu mama apande nyuma na mzigo wake. Njiani dereva akasimamisha gari, akateremka.

"Mama, gari hili linabeba kanga, halibebi harufu."

"Baba, mvua inakuja."

"Basi wataogelea. Si wametoka majini?"

Abiria wakacheka. Akalisukuma gunia kwa mguu. Mama alirudi Kirumba akitembea, na dagaa wote wakaoza.

Mzee alisikia, lakini hakuweza kumfukuza. Mkono wa gia wa pikapu ile ya zamani ulikuwa umelegea, unayumba kama jino la mtoto, na dereva peke yake alijua kila gia imejificha wapi. Zamani mzee aliendesha mwenyewe. Akaacha siku alipotaka kwenda mbele, gari likarudi nyuma hadi kwenye kibanda cha muuza chai. Dereva akamwambia gia boksi imekufa, nyingine labda itoke Ulaya. "Gari hili lina mwenyewe," alikuwa akisema, huku akijipiga kifua.

Mimi nilikuwa fundi katika gereji ya Kirumba. Maneno yangu yalikuwa machache, kwa hiyo aliniita Bubu. Nikimpa shikamoo mbele ya watu, aligeuza uso kama aliyesikia mbwa. Lakini nilijua ugonjwa wa gia ile. Mkono wa gia una kichwa cha mviringo huku chini, nacho hukaa ndani ya bushi, kipete cha kukizuia kisicheze, kama paja kwenye nyonga. Bushi ilikuwa imelika, basi. Sikumwambia mtu. Nilingoja.

Mwaka wa uhuru duka la mzee lilijaa kitambaa cha bendera, cha kijani na cheusi. Dereva akautangazia mji kwamba yeye ndiye atakayeongoza magari siku ya sherehe, hata kofia mpya akanunua. Sherehe ilipokaribia akaileta pikapu tutengeneze breki.

"Bubu, usiguse kitu kingine," akasema, akaenda kuonyesha watu kofia.

Breki nilizimaliza mapema. Kisha nikafungua juu ya gia boksi, nikautoa ule mkono. Bushi ilikuwa nyembamba kama ganda la yai; nikaitia mfukoni. Nikaenda kwa muuza nyama, nikaomba pembe ya ng'ombe. Nikaichemsha mpaka ikalainika, nikakizungushia kile kichwa kipande cha pembe na kukibana kwa waya hadi kikapoa. Nikakipiga tupa, nikakipaka grisi, nikaongeza washa, kile kisahani cha chuma chenye tundu, chini ya springi iliyochoka. Mkono wa gia ukasimama wima. Kila gia ikaingia kama ufunguo kwenye kufuli lake.

Sikumngoja dereva. Nililipeleka gari dukani mwenyewe, nikamwamkia mzee, nikamwonyesha kiti cha dereva. Akapanda kwa woga, akaenda mpaka kona, akarudi.

"Kumbe ni kitu hiki tu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na yeye alijua?"

Nikajifuta grisi mikononi. Kama alijua au hakujua, mimi sikuwa na haja nayo.

Siku ya uhuru mzee aliendesha mwenyewe, bendera mbele, wajukuu nyuma wakipiga vigelegele. Dereva alikuwa kando ya barabara na kofia yake mpya. Watoto wa Kirumba hawakumwacha. "Baba, mbona gari limekwenda bila mwenyewe?"

Kesho yake akaja gereji.

"Umelifanya nini gari langu?"

Nikatoa mfukoni bushi ya zamani, nikamwekea kiganjani. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu siku ya gunia, hata hivyo yalitoka polepole. "Hii hapa. Udereva wako wote ulikuwa humu."

Akaigeuzageuza. Sauti yake ikashuka. "Mzee hanitaki tena. Irudishe, kijana. Nina watoto."

"Mama yangu naye anao."

Akavua kofia, akaishika mkononi, akashika njia ya kwao Buswelu kwa miguu. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Upande wa ziwa mawingu yalikuwa yamejikusanya, meusi, nami nikaomba mvua inyeshe kabla hajafika.