Mikono ya Sweta Arobaini

Karakana yetu ya sweta za shule ilikuwa Ekerenyo, na mimi ndiye niliyepanga kazi. Sweta huanza kama vipande vinne: mbele, nyuma na mikono miwili. Kila fungu la vipande lilikuwa na kadi, na aliyelipokea aliandika jina lake na siku. Hivyo tulijua kazi ambayo haijaisha iko meza gani.

Kadi hizo niliziondoa mimi. Niliona zinatuchelewesha, na nilijivunia kumbukumbu yangu. Mama aliyeunganisha mikono alinionya.

"Mzee, hicho kichwa kinasahau kofia hapa kila jioni. Ndicho kitakachokumbuka mafungu sitini?"

Watu walicheka. Nami nilicheka.

Ijumaa moja, shule zikikaribia kufunguliwa, yule mama na Wasabato wenzake walifunika mashine mapema kama kawaida, wakaenda kujiandaa kwa Sabato. Aliacha mezani mikono ya sweta arobaini. Jumamosi tulifanya kazi sisi Wakatoliki. Jumapili, nilipotoka misa, nilimkuta ameketi mbele ya meza tupu.

"Mikono iko wapi?" nilimuuliza mbele ya wote.

"Niliiacha hapa. Waulize waliokuwepo jana."

"Aliyekuwepo jana ni mimi!"

Nikasema kuna watu wanaoshona kwao kwa uzi wetu. Nikamwambia aende nyumbani mpaka mikono ionekane. Alichukua mkasi wake na mto wa kukalia, akatoka.

Jumatatu mpiga pasi aliinua blanketi la meza yake. Mikono yote ilikuwa chini yake, imenyooka vizuri.

"Si wewe uliyeniambia Jumamosi niinyooshe kwanza, kwa kuwa inajikunja?"

Ilikuwa kweli. Agizo lilikuwa langu, na nilikuwa nimelisahau.

Nilirudisha kadi siku hiyo hiyo. Kwa wafanyakazi nilisema tu kwamba mikono imepatikana. Sikusema ilipotelea wapi. Yule mama nilimpigia simu arudi.

"Umeniita mwizi mbele za watu," akasema, "sasa unaniita kazini kwa simu?"

Hakurudi. Nilisikia kwamba hata kanisani walimuuliza, nikanyamaza.

Mwaka huu, baada ya miaka mingi, nilimfuata shambani kwake, nikamkuta akichuma chai. Nilimweleza yote. Hakuacha kuchuma.

"Mimi nilijua tangu siku ile kwamba sikuiba," alisema. "Waambie wao."

Kwa hiyo nazunguka kuwatafuta tuliofanya nao kazi. Wengine wamefariki. Nimewapata wanne. Wa nne anauza nguo Marani. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Jina la yule mama hakulikumbuka, wala sura yake. Alichokumbuka ni kwamba aliiba mikono ya sweta.

Nikaanza kumweleza upya.