Gari Tuliloliunga Nyuma ya Nyumba

Kamioneti ya mume wangu ilioza ikiwa imesimama. Kabla ya vita ilikuwa ikipanda mlimani, Kipese, kuchukua viazi na kabichi, kisha inateremka nazo mpaka Beni, kwenye joto, ambako vyakula vya mlimani vinapendwa. Basoda, ndio askari, walipoanza kunyang'anya watu magari, mume wangu aliing'oa magurudumu, akayaficha kwa dada yangu chini ya kuni, akaliacha gari nyuma ya nyumba yetu pale Butembo, kati ya migomba, limefunikwa turubai. Mvua ya Butembo hata haihitaji tundu. Ilipita chini ya turubai, ikakaa.

Pengine lingebaki pale mpaka leo, kama isingekuja habari ya mama yake. Alikuwa Beni, kwenye komini ya Ruwenzori, peke yake tangu mumewe afariki. Mguu mmoja ulikuwa umevimba, hakuweza kutembea. Risasi zilipolia upande ule majirani walikimbia, na waliporudi walimkuta kitandani vilevile, na kikombe cha maji kikiwa kitupu. Shemasi mmoja wa kanisa letu alikuja kwa baiskeli kutuletea neno lake.

"Mama anasema hivi," alisema, akitazama chini. "Kama munakuja, mukuje. Kama hamukuji, mumuambie, ili aache kungojea."

Mume wangu aliinuka. Alitoka nje akaenda kulifunua gari. Nilimfuata. Niliusukuma mlango kwa kiganja, na kidole gumba kikapita mpaka upande wa pili. Ndani kulikuwa kubaya zaidi. Upande wa abiria, pale miguu inapokaa, yalionekana majani yaliyoota chini. Injini ilikuwa nzima, aliwahi kuitia mafuta na kuifunga vizuri, lakini sanduku lililoizunguka lilikuwa limeliwa na kutu. Malori ya watu yalikuwa bado yanakwenda Beni mara mojamoja, abiria juu ya magunia. Mama mwenye mguu ule angepandaje juu ya magunia?

Kulipeleka gereji hakukuwezekana. Gereji ndipo magari ya basoda yalipokuwa yakilala. Hata umeme wa kuchomelea haukuwepo. Kwa hiyo tulilitengeneza wenyewe, nyumbani, kwa nyundo na riveti za kushikanisha mabati. Yeye alipiga, mimi nilishika.

Alianza kwa kugonga-gonga kila mahali kwa kichwa cha turunevisi, ile bisibisi yake, akisikiliza. Pale bati liliposikika gumu aliacha. Pale lilipotoa sauti ya kikapu alilikata lote kwa tindo, mpaka afikie chuma kizima. Sikujua kwamba bati bovu lingekuwa jingi namna ile. Jioni ya kwanza kulikuwa na lundo la kutu kando ya jiko langu, na gari lilionekana kama ng'ombe aliyechunwa. Niliketi juu ya jiwe nikamwambia, "Baba ya batoto, sasa tumeliua kabisa."

"Lilikuwa limekufa," alisema. "Tulikuwa tunaogopa tu kulitazama."

Bati jipya tulilipata kwenye mapipa ya mafuta. Tuliyaosha kwa majivu na maji moto, tukayajaza maji tena kabla ya kuyakata, kwa sababu pipa lenye mvuke wa petroli linaweza kumpasukia mtu. Kisha tuliyanyoosha juu ya shina la mti. Pipa halipendi kunyooka. Unalipiga upande huu, linainuka upande ule. Nilikata vipimo kwenye katoni za sabuni, kama ninavyokata kitambaa cha nguo ya mtoto, naye alivifuata juu ya bati. Mikono yangu ilijaa mikato midogo iliyowaka kila nilipokanda ugali wa fufu. Tulikuwa tukila bila kuzungumza na kulala bila kunawa miguu.

Kilichotuchosha zaidi kilikuwa kelele. Siku zile mji mzima uliishi na masikio wazi. Pigo la kwanza la nyundo, asubuhi ya kwanza, watoto wa jirani waliingia chini ya kitanda. Mama yao, Mkatoliki aliyekuwa akiniuzia maharage, alikuja mpaka kwenye ua.

"Mama, ambia bwana yako apumzike. Roho yetu inaruka."

Nilimweleza habari ya mama mkwe. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Basi mukianza, museme kwanza," alisema. Tangu siku hiyo kila nyundo ilipotaka kuanza nilikwenda kusimama kwenye ua na kuita, "Tunapiga!" Naye aliitikia kutoka ndani, "Mupige!" Wiki nyingi zilikwenda hivyo; Beni tulikuwa tumemrudisha shemasi na neno kwamba tunakuja, majirani wamtunze mama. Kuna siku sauti yangu haikutoka kwa uchovu, na yeye ndiye aliyeuliza, "Leo hamupigi?"

Viungo tulivijaza lami tuliyoiyeyusha kwenye kopo. Alipotaka kupaka rangi tuligombana. Alikuwa na rangi ya kijani iliyobaki kwenye mabenchi ya kanisa.

"Hapana kupaka," nilisema. "Likipendeza, litakuwa ya basoda."

Alichovya brashi mara moja kwenye rangi. Halafu aliiweka, akachota mafuta machafu ya injini na udongo mwekundu, akalipaka gari matope kwa mikono yake. Nadhani lilimuuma. Lakini alifanya.

Tuliyatoa magurudumu chini ya kuni za dada yangu, tukayafunga, tukamwachia watoto, tukaenda Beni asubuhi. Barabara ilikuwa mbovu, gari lilipiga kelele kama sufuria zilizofungwa pamoja, lakini hakuna kilichodondoka. Mama mkwe tulimkuta amevaa kitenge chake cha kwenda kanisani, ameketi mlangoni, fimbo kati ya magoti.

"Nilisema mutakuja," alisema, ingawa sivyo alivyosema. Alipoingia garini, aliweka mguu wake mgonjwa juu ya lile bati la pipa, akaligusa kwa fimbo. "Hii ni mupya?"

"Ni mupya, Mama."

"Wasingya," alishukuru kwa lugha ya kwao. Akamshika mwanawe shavu, kama mtoto.

Tulipofika karibu na Kalunguta tulikuta bariere, mti uliolazwa barabarani na basoda kando yake. Kamanda mmoja alizunguka gari polepole. Hakutazama mizigo. Aliinama, akatazama chini ya mlango, akapitisha kidole kwenye safu ya riveti. Akapiga sakafu kwa kiatu chake, mara mbili hivi, ikaitika vizuri.

"Nani alitengeneza hii mutuka?"

Mume wangu alifungua kinywa. Najua alitaka kusema fundi fulani, aliyekwisha kuhama. Mama yake alimtangulia.

"Ni mutoto yangu," alisema kwa furaha. "Na mikono yake mwenyewe. Gereji hapana!"

Kamanda alimtazama mume wangu mikononi, akaona mikato. "Papa, sisi tuko na magari mengi yenye kuharibika," alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. "Utatusaidia." Hakutunyang'anya gari. Alimpandisha mmoja wa basoda wake nyuma, aje nasi mpaka Butembo, aione nyumba. Njia nzima nilisikia kitako cha bunduki yake kikigonga kwenye bati letu.

Kesho yake walikuja kumchukua kabla hatujanywa chai.

Ilidumu miezi. Alikwenda asubuhi na kurudi jioni, siku za ibada pia. Alikuwa akiziba matundu ya risasi kwenye milango ya magari, na kubadilisha mabati yaliyopasuka. Nilipomuuliza anaona nini kule alisema, "Mabati." Siku moja alirudi na kandambili ya mwanamke, moja tu, akaenda nayo nyuma ya nyumba na kuizika. Aliiona chini ya kiti cha gari fulani. Aliacha kuimba kwaya. Mezani mkono wake wa nyundo ulikuwa hauwezi kushika tonge, akawa anakula kwa wa kushoto, na mama yake, ambaye angemkemea zamani, hakumkemea.

Mama huyo alikuwa akimngojea kila jioni kwenye kiti cha kamba. Mguu ulikuwa umepungua, lakini alikuwa amekonda. Jioni moja nilikuwa nachambua majani ya sombe karibu nao, nikamsikia akimuuliza, bila kumtazama:

"Mutoto yangu. Ni miye nilisema?"

Mume wangu alikuwa akivua viatu. Aliendelea kuvua, kile cha pili kilikuwa kimekaza.

"Hapana, Mama. Bo balikuwa bamekwisha kujua."

"Kweli?"

"Kweli. Kuko mutu alibaambia mbele."

Mama alivuta pumzi ndefu. Usiku ule alikula. Mimi na mume wangu hatujalizungumza jambo hilo mpaka leo.

Halafu asubuhi fulani hawakuja kumchukua. Walikuwa wameondoka, na magari yote aliyoyaziba, na baada ya siku chache wengine wakaingia, wenye kofia tofauti. Hao hawakumjua. Mume wangu alilala mchana kutwa, na kesho yake tena. Alipoamka alisema hatashika nyundo, wala hataki kupita bariere yoyote tena. Sikumlaumu. Lakini unga ulikuwa umekwisha, na dada yangu alikuwa amechoka kutulisha.

"Basi nifundishe kuendesha," nilisema.

Alinifundisha kwenye uwanja wa shule ya kanisa. Gari liliruka-ruka kama mbuzi, watu wakasimama kucheka, na mama mkwe, tuliyemwekea kiti pembeni, alijifunika macho kwa kitenge kila nilipogeuza. Mume wangu aliketi karibu nami, akisema tu, "Polepole. Polepole, Mama ya batoto." Nilijifunza.

Mara ya kwanza nilipopanda Kipese peke yangu, basoda wa bariere walichungulia ndani, wakatafuta dereva mwanamume.

"Mama, chauffeur iko wapi?"

"Ni miye."

Waliitana, wakaja kunitazama. Wakacheka, wakachukua kabichi, wakainua mti.

Nilifika nyumbani alasiri, viazi nyuma, mikono imekufa ganzi kwa kushika usukani. Mume wangu alikuwa amepika. Alishusha magunia bila kuniuliza njia ilikuwaje. Niliketi kwenye kizingiti cha jiko na viatu vyangu vya matope, akaniletea sahani, nikala mpaka ikaisha, kisha nikaegemea mlango na kufumba macho.