Ubao wa Anonciata

Kwa Anonciata, kwanza uliona chaki vidoleni. Kila asubuhi alifupisha matangazo ya redio kwenye ubao wa duka la Shaaban, Kihanga. Wachuuzi wa ndizi wenye baiskeli waliyanakili, wakayabandika vijiji vya Kamuli na Nyakatuntu.

Jana redio ilitangaza kifo cha Leonidas wa Karekezi. Ili maneno yatoshe ubaoni, Anonciata akaacha jina la baba, Karekezi. Leo Leonidas mwingine, mzima wa afya, alisimama dukani.

“Binti yangu wa Nyakatuntu anakuja kunizika,” alisema, “nami hata sanda sijanunua.”

“Nisamehe, baba. Nimeshafuta.”

“Umefuta hapa,” Shaaban alisema. “Na kule je?”

Anonciata alitoka na mzee, wakasimama barabarani kulisubiri lori la kutoka Nyakatuntu litakalomleta binti yake.