Vigae vya bluu vilivyobaki

Douche yangu, chumba changu cha kuogea hapa Muhumba, ni ndogo kuliko kabati, lakini nilitaka iwe ya kisasa kwa pesa kidogo. Chini ya kitanda nilikuwa na kartoni mbili za vigae vya bluu vyenye maua meupe. Vilibaki tulipojenga kaburi la papa, baba yetu, kule Mudaka. Upande wa nyuma wa kaburi niliuacha na simenti tupu. Niliwaambia ndugu zangu vigae vimekwisha, tena huko nyuma hapapiti mtu. Moyoni nilishawaza douche.

Nikavibandika ukutani, nikaweka kioo kipana ili paonekane pakubwa, na kila mgeni nikamwonyesha kabla hajaketi. Waliponisifu, kichwa kikavimba kama andazi kwenye mafuta.

Jumapili maman alikuja kunitembelea. Nikampelekea maji ya moto, nikamfungulia mlango huku natabasamu, nikangojea sifa. Sikusikia hata tone la maji likidondoka. Akatoka bado amevaa nguo zake zote, ndoo imejaa vilevile.

“Kumbe carreaux zilibakia, mutoto wangu,” alisema polepole, akigeuka kutazama vigae. “Ile upande ya nyuma, ndio kwenye naikalaka chini nikienda kuona papa yako.”