Joto la Pili la Mlima

Wanafunzi walimbandika jina la Profesa Joto, naye akajifanya halimpendezi, ingawa kila alipolisikia kwenye korido kifua kilimtuna. Jina lilitokana na ugunduzi wake mmoja, maana wa pili haukuwahi kutokea: kwamba mlima ule mkubwa, baada ya kupoa zamani za kale, ulipata moto tena. Alilijua hilo kwa kutazama kwa hadubini mikwaruzo midogo inayojichora yenyewe ndani ya chembe za jiwe. Jiwe likikaa baridi, mikwaruzo huongezeka. Likipata joto kali, hufutika yote. Chembe zake hazikuwa na hata mmoja. Kwa hizo alipata cheo, ofisi yenye dirisha na, kwa miaka thelathini, kisingizio cha kutojisumbua tena.

Sasa mwanafunzi wake wa uzamivu, binti mtaratibu mwenye maneno machache, alikuwa ameokota mawe palepale, na chembe zake zilijaa mikwaruzo tele. Profesa alimwambia arudie. Akarudia, mara tatu. Ijumaa ilikuwa mwisho wa kuwasilisha tasnifu, na bila sahihi ya profesa miaka yake minne ingekwenda na maji.

Alhamisi asubuhi profesa akapanda kiti, akateremsha daftari lake la ujanani kutoka juu ya kabati, ili amwonyeshe binti jinsi watu makini wanavyofanya kazi. Akapiga chafya, akafungua. Mwandiko ulikuwa wake, hakuna wa kumsingizia: “Kikaushio kimeharibika. Nimekausha chembe ndani ya tanuri, nyuzi mia nne, saa moja. Nawahi kwa wakwe.”

Akasoma tena, safari hii akiwa amekaa. Mlima haukupata joto lolote. Aliyeupasha ni yeye, tena akiwa na suruali iliyopigwa pasi, akihofia kumchelewea mama mkwe ambaye hata hivyo hakumpenda. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka. Akafikiria kulirudisha daftari juu ya kabati, na alifikiria kwa muda mrefu kuliko angependa kukiri, hata akakipima kiti kwa jicho kama kingembeba mara ya pili.

Mwishowe akamwita binti.

“Soma hapa.”

Binti akasoma. Hakushtuka.

“Nilijua ni tanuri, Profesa. Mlima ungepata joto zamani, mikwaruzo mipya ingekuwa imejichora tangu hapo; zako hazikuwa na hata mmoja. Nilikuwa sijui nyuzi tu.”

“Ulijua? Mbona hukuniambia?”

“Nilikuambia mara tatu. Kila mara ulisema nirudie.”

Profesa akaivuta fomu ya kuwasilisha tasnifu. Akatia sahihi, kisha akamsogezea daftari.

“Ukurasa huu uutie mwishoni mwa tasnifu,” alisema. “Wote, pamoja na habari za wakwe. Wasije wakadhani ni tanuri la mtu mwingine.”