Kiboko Juu ya Mizani

Swali lililoninyima usingizi msimu ule lilikuwa hili: yule mnunuzi wa pamba alipovua miwani yake, akaifuta, kisha akaivaa tena, alikuwa amekasirika au alikuwa na vumbi?

Vumbi lilikuwepo, sikatai. Nkoma wakati wa pamba haikosi vumbi. Lakini aliivua pale pale watoto walipomaliza kuimba shairi langu, na shairi langu lilikuwa la kiboko mnene, na yeye hakuwa mwembamba.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu nikiamini habari za zamani, kwamba ukihitimu serikali inakupangia kituo nawe unafunga sanduku. Nilipovaa joho, habari hizo zilikuwa zimekwisha. Tukaambiwa ni soko huria, kila mtu ajitafutie. Nikarudi nyumbani Bariadi na cheti changu, nikakaa mpaka mama akachoka kunitazama, akanipeleka Nkoma kwa shangazi nikasaidie pamba.

Kazi yangu ikawa kuchambua na watoto wa shangazi pamoja na wa jirani. Unakaa chini, rundo liko mbele yako, pamba safi unaitupa huku, fifi, yaani ile ya madoa, unaitupa kule. Watoto hawawezi kazi hiyo kwa muda mrefu bila kuanza kurushiana. Nikaona niwatungie mashairi ya wanyama, mkono ufuate kina. Nilitunga la kanga aliyepaka wanja, la mbuzi aliyekwenda kusoma akala daftari. Wakacheka, rundo likapungua.

Ndipo mnunuzi akaja. Miaka ya nyuma pamba ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake. Sasa makampuni yalikuja na malori, kila moja na mizani yake, na wakulima hawakuiamini hata moja. Mnunuzi huyu, kabla ya kupima gunia la mtu yeyote, alipanda mwenyewe juu ya mizani ya jukwaa mbele ya umati ili wote wahakikishe. Mwili wake, alisema, anaujua kilo zake. Jioni ile ile nikawa na hili:

*Kiboko kataka pamba,*
*tumbo kafunga kwa kamba;*
*kapanda juu mizani:*
*"Hebu, nina kilo gani?"*

*Mizani ikalalama:*
*"Hii pamba ama nyama?"*
*Chura akacheka mno,*
*akabaki bila meno.*

Sikusema ni yeye. Nilisema kiboko. Lakini watoto hawakuhitaji kuambiwa. Siku ya pili ya ununuzi, alipopanda tu mizani, wakaanza, na binti mdogo wa shangazi akiongoza kwa sauti kama filimbi. Watu wazima wakainamia magunia yao mabega yakitetemeka. Mnunuzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema, "Haya, gunia la kwanza." Basi.

Kwa mwingine yangeishia hapo. Mimi mtu huyo ndiye niliyemwomba kazi. Alikuwa amejenga shule ya watoto wadogo mjini Bariadi, maana sasa mtu binafsi aliruhusiwa kuwa na shule, na mkewe alikwisha kuniambia nifike Jumatatu ya kwanza baada ya msimu kufungwa, mwenye shule anisikie mwenyewe. Mahali pengine pa kwenda sikuwa napo.

Nikaamua kumbadilisha mnyama. Nilimweka tembo, nikaona tembo ni mkubwa zaidi, nitakuwa nimeongeza tusi. Nikamweka ng'ombe, watoto wakanitazama kwa huruma, kwani Msukuma gani atamcheka ng'ombe? Nikamweka fisi. Shangazi, aliyekuwa akikoroga ugali, akasimamisha mwiko.

"Fisi mwache."

"Ni shairi tu, shangazi."

"Huku fisi ana mwenyewe. Kesho utasikia bibi fulani anatajwa mchawi. Rudisha kiboko wako."

Nikamrudisha. Nikamwambia shangazi basi nitamwandikia yule bwana kumwomba radhi. Akacheka mpaka akakaa.

"Uombe radhi kwa wimbo? Wewe umekulia wapi? Mtu akiimbwa, anajibu. Akikasirika, ameshindwa."

"Mbona hajajibu?"

"Kwani wewe shairi lako ulilitunga kwa siku moja?"

Nililitunga kwa jioni moja, lakini sikumwambia.

Msimu ulifungwa kwa ngoma, kama kawaida. Pande mbili huchezea uwanja mmoja, kila upande na mtunzi wake, na watunzi hutukanana kwa nyimbo tangu asubuhi. Upande unaovuta watu wengi ndio mshindi. Wanunuzi hualikwa, ili mwaka kesho wakumbuke njia. Nilijificha nyuma ya kanga za shangazi. Mnunuzi alipofika mbele yetu akamsalimu shangazi, "Mwadila, mayu," naye akamwitikia vizuri. Mimi akanipita kama gogo.

Kumbe alikuwa anakwenda katikati. Aliinua mkono, ngoma zikanyamaza. Nikakumbuka, nikiwa nimechelewa, kwamba mkewe aliwahi kuniambia bwana huyu ni mzaliwa wa kijiji cha Shishiyu na baba yake alikuwa mtunzi. Akashika tumbo lake kwa mikono miwili, akalitikisa, akaghani:

*Kiboko kajibu: "Chura,*
*wewe huna hata sura;*
*tumbo langu lina wali,*
*lako limejaa swali!"*

Uwanja ulilipuka. Akina mama walipiga vigelegele, mzee mmoja akalala chini kabisa kwa kicheko. Kisha wote wakageuka kunitazama mimi, hata wale ambao sikudhani wananijua.

"Jibu, shangazi!" shangazi akanisukuma, kwani nasi huitana hivyo, yeye kwangu na mimi kwake.

"Jibu, wa chuo kikuu!" akapaza mwingine.

Nikafungua kinywa. Nikafikiria kina cha -ali, nikafikiria kama ni heshima, nikafikiria Jumatatu, nikafikiria kwamba amejuaje habari za maswali yangu. Ngoma zikalia. Nilikuwa nimeshindwa.

Alipopita tena kuelekea kwenye gari lake, alisimama. "Mwalimu," akasema, "una mpaka Jumatatu kunijibu. Usije mikono mitupu."

Mtu mwingine angelala vizuri. Mimi nilirudi Bariadi na swali jipya: alisema "mwalimu" kwa sababu ameniajiri, au kwa dhihaka? Na mikono mitupu ni shairi au ni kuku? Mama akaniuliza kwa nini nanyoosha gauni lile lile mara ya pili. Nikamwambia nafikiria nisiende. Akaniondolea tu pasi mkononi.

Nikaenda. Nilijiambia njia nzima kwamba sitafikiria mpaka nifike, na kwa mara ya kwanza maishani nikakaribia kufaulu. Shule ilikuwa chumba kimoja kinachonuka rangi mbichi, watoto kwenye mabenchi mafupi, ubao, na mnunuzi amesimama mlangoni na kipande cha chaki mkononi, ameziba mwanga wote. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya cheti changu. Niliyaacha nje. Nikawageukia watoto, nikasema kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo:

*Chura kajibu: "Mzee,*
*swali langu lipokee;*
*umeshiba, nina njaa:*
*nipe chaki, kisha kaa!"*

Watoto wakapiga makofi kabla ya kujua kwa nini. Yeye akavua miwani. Safari hii niliona macho yake: yalikuwa yamejaa machozi ya kicheko. Akanipa chaki, akaenda kukaa benchi la nyuma, benchi likalalama kama mizani, nami nikaugeukia ubao nikaanza kuchora kiboko.