Wanaoombewa Uwanjani

Mimi ni mtu wa maswali, tangu utotoni. Darasa la tano tulisoma hadithi ya Kiingereza iliyokuwa na uwanja wa kanisa uliojaa makaburi, nyasi zimefika magotini, majina ya marehemu yamechongwa kwenye mawe. Wenzangu waliipita tu. Mimi Jumapili hiyo nilitoka ibadani nikisingizia choo, nikazunguka nyuma ya kanisa letu hapa karibu na Jogoo Road, nitafute kaburi hata moja. Nilikuta tangi la maji, majoho ya kwaya yameanikwa kwenye waya, na paka amelala juu ya mabati.

Nilipomuuliza mama wafu wetu wako wapi, alinitazama kama nimechanganyikiwa.

"Wafu tunawapeleka nyumbani, magharibi. Hapa jijini hata wazima hawaenei."

Basi uwanja wa kanisa ni wa nini? Nimelibeba swali hilo mpaka uzeeni, maana sasa nina wajukuu. Mchungaji akisoma matangazo huuita kompaundi. Vijana wanauita graundi, na wana haki, kwa sababu wamechora goli kwa makaa kwenye ukuta wa ofisi yake na hajawahi kulifuta. Watu wa bodaboda wakisema "niko kwa kanisa" wanamaanisha kivuli cha langoni, si zaidi. Jumanne kuna mwalimu wa udereva anayewafundisha watu kurudi nyuma katikati ya matairi mawili. Jumamosi ni arusi, na uwanja ule ule unaitwa mapokezi. Mama peke yake ndiye huuita nje. "Leo akina mama tunakutana nje." Nilidhani ni namna yake tu ya kusema.

Mwaka jana jirani yetu, fundi wa viatu, alifariki. Kwetu basi la mazishi husimama kanisani kwanza, marehemu aombewe na wale wasio na nafasi ya kusafiri, ndipo safari ya nyumbani ianze. Nikaona jeneza limeshushwa, likawekwa chini ya hema uwanjani. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi na mabenchi matupu. Vumbi lilikuwa linapiga, na mke wa marehemu alikuwa anapangusa kifuniko kwa leso, anapangusa tena.

Sikuweza kunyamaza. Nikamfuata mzee wa kanisa aliyekuwa anasimamia mambo, nikamuuliza kwa nini wasimwingize ndani.

"Hakuwa anashiriki Meza ya Bwana," akasema. "Hakufunga ndoa kanisani. Wa hivyo tunawaombea uwanjani." Alisema hivyo kama mtu anayekuonyesha mahali pa kuegesha gari.

"Na mama yangu je?"

Akaangalia viatu vyake.

Mama yangu ni mke wa pili. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, na ndoa ya kanisani alifunga na mama mkubwa, aliyebaki nyumbani kulima. Mama alikuja kuishi naye hapa Makongeni, wakatuzaa wanne kwenye chumba kimoja cha reli. Kila Jumapili ameingia kanisani, ameimba, ametoa sadaka, na sahani ya mkate ikifika kwenye benchi lake humpita. Sasa moyo wake umechoka, na daktari ametuambia tukae tayari. Nilikasirika, sifichi. Miaka yote hiyo alijua atalazwa wapi, na hakuna aliyeniambia.

Mzee wa kanisa akanishika mkono. Akasema njia ipo. Baba yetu ameshafariki, kwa hiyo mama anaweza kurudishwa kundini: ajaze fomu, asimame mbele ya washarika Jumapili moja, aisome, basi. Siku yake ikifika ataingia kwa mlango mkubwa. Nilimshukuru mpaka nikaona haya. Nilifika nyumbani na fomu nikihema.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mboga ya mrenda. Nikamweleza yote, kisha nikamsomea. Fomu ilisema anakiri kuwa aliishi dhambini na mume asiye wake, na kwamba anaijutia miaka hiyo. Chini yake kulikuwa na mistari mitatu ya vidoti.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena, polepole.

"Ni maneno tu, mama," nikamwambia. "Sitaki uwekwe pale kwenye vumbi. Sitavumilia."

"Marafiki zangu wa Majengo watakuja," akasema. "Wale wa kuuza nao sokoni. Ni Waislamu, ndani hawataingia. Nje watanifikia." Akaendelea kuchambua. Nilidhani mazungumzo yamekwisha, nikaanza kumbembeleza upya. Akaweka majani chini, akajifuta mikono kwenye leso.

"Hapo kwenye vidoti wanataka niandike nini?"

"Unachojutia."

Alifikiri kidogo. Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kweli.

"Nyinyi mko wanne," akasema. "Nianze kuandika jina lako wewe kifungua mimba, ama nianze na wa mwisho?"

Asubuhi yake nilimrudishia mzee wa kanisa fomu ikiwa tupu. Nikamwambia kwamba mama yangu ataombewa uwanjani, na watoto wake wote wanne watakuwa wamesimama hapo hapo atakapolazwa.